Swichi ya hazadi yenye taa kwenye Land Rover 109 ya zamani: mbona inapepesa kinyume?

MamaMwaloni

Habari za jioni wakuu. Nina swali la umeme wa gari, nawaomba hasa mnaozijua Land Rover za zamani.

Gari langu ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, dizeli, volti 12, hasi iko kwenye bodi. Nabebea dagaa kutoka mialo ya upande wa Magu kuja soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza. Tangu nilinunue halikuwa na hazadi, yaani indiketa zote nne kupepesa kwa pamoja. Anayeijua barabara ya Musoma usiku ataelewa kwa nini naitaka. Malori hayapungui, ukishapita Kisesa giza ni giza, na gari likikuzimikia unakata matawi unayatandika nyuma, unaweka pembetatu, halafu unaomba Mungu dereva anayekuja awe macho. Nataka taa zinazopepesa, na nataka swichi inayoonekana gizani, ili hata kijana wangu wa kupakia aipate bila kupapasa.

Nimepata swichi iliyotumika, ile ya kubonyeza, nyekundu, ina alama ya pembetatu na taa ndani. Nyuma ina miguu minane yenye namba: 15, 30, 49, 49a, L, R, 31 na 58. Kijana wa gereji amefunga hivi: L kwenye waya wa indiketa za kushoto, R za kulia, 49a kwenye waya unaotoka kwenye flasha (kile kidude kinachofanya indiketa zipepese) kwenda mkono wa indiketa, 49 kwenye mguu wa flasha unaoingiza moto, yaani umeme (waya wa kijani wa zamani kauacha hapohapo, kaunga juu yake), 30 moja kwa moja kwenye betri, 58 kwenye waya mwekundu wa taa ndogo. Mguu wa 15 na wa 31 kaviacha wazi, akasema si vya lazima.

Hazadi inawaka, lakini kuna mambo siyaelewi. Nikiwa nimechomoa ufunguo, nikibonyeza hazadi, geji ya mafuta inapanda, na waipa ikiwa imeachwa imewashwa inaanza kufuta kioo. Pili ni taa ya ndani ya swichi. Usiku nikiwasha taa ndogo, swichi iko giza kabisa. Nikibonyeza mchana inapepesa kwa ufifi mno. Nikibonyeza huku taa ndogo zikiwa zimewaka, inapepesa kinyume: indiketa zikizima ndipo yenyewe inawaka! Tatu, hazadi inapepesa mbio sana kuliko indiketa ya upande mmoja.

Kijana anasema swichi ni mbovu, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela tena naomba mnisaidie kufikiri.

---

Kijana_Igoma

Shikamoo mama. Hizo swichi za miguu mingi zinasumbua bure. Chukua swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, yenye taa, ya miguu mitatu, zinauzwa kila duka la spea. Unganisha waya wa kushoto na wa kulia kupitia hiyo swichi. Ukiwasha, pande zote zinapepesa. Kazi ya dakika kumi.

---

FundiNyakato

Mwangaluka, mama. Usinunue swichi nyingine. Hiyo uliyonayo ni nzima, na maelezo yako ndiyo yameniambia. Umeeleza vizuri kuliko mafundi wengi wanaonipigia simu.

Nianze na ushauri wa kijana wa Igoma, maana wengine watausoma na kuufuata. Ukiunga kushoto na kulia kwa swichi ya kawaida, flasha bado inategemea ufunguo, na bado lazima usukume mkono wa indiketa upande mmoja ndipo moto utoke. Yaani gari limekufa, huwezi kuchomoa ufunguo na kwenda kutafuta msaada. Na ile taa ya swichi ya miguu mitatu inachukua moto kwenye mguu mmoja wa kutokea, kwa hiyo itakuwa inapepesa kila ukikata kona ya upande huo hata kama hazadi haijawashwa. Kijana wangu, hiyo si hazadi.

Sasa swichi yako. Namba ulizoandika ni za utaratibu wa Kijerumani wa DIN, zinatumika kwenye swichi na flasha za magari mengi, na kila namba ina kazi yake. 30 ni moto wa kudumu wa betri. 15 ni moto unaokuja ukishawasha ufunguo. 49 ni moto unaokwenda kuilisha flasha. 49a ni moto unaorudi kutoka kwa flasha ukiwa tayari unapepesa. L na R ni kushoto na kulia. 31 ni ethi, yaani bodi. 58 ni taa ndogo.

Swichi ya hazadi inafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja, na ya kwanza ndiyo watu wanaisahau. Ikiwa haijabonyezwa, inaunga 15 na 49, kwa hiyo flasha inakula moto wa ufunguo kama kawaida. Ukibonyeza, inaiachia 15 na kuunga 30 na 49: flasha inahama kutoka moto wa ufunguo kwenda moto wa betri. Papo hapo inaunga 49a, L na R pamoja, ndipo taa zote nne zinapepesa bila kugusa mkono wa indiketa.

Gari lako, huo waya wa kijani umebaki kwenye flasha. Kwenye rangi za Kiingereza, kijani kitupu ni moto wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi, na haulishi flasha peke yake. Unalisha geji, waipa, taa za breki na vingine. Ukibonyeza hazadi, moto wa betri unafika kwenye flasha, unakuta kijani wazi, unarudi nyuma na kuwasha kila kilichoko kwenye njia hiyo. Ndiyo maana geji inapanda ufunguo ukiwa mfukoni. Shukuru injini yako ni ya dizeli inayozimwa kwa kuvuta waya wa chuma. Ingekuwa ya petroli, moto huo ungerudi kupitia fyuzi mpaka kwenye koili inayotoa cheche za plagi, na unaweza ukachomoa ufunguo injini isizime.

Dawa yake: chomoa kijani kwenye flasha, kipeleke kwenye mguu wa 15 wa swichi. Kwenye flasha, pale kilipotoka kijani, ubaki waya mmoja tu, ule unaotoka 49. Basi.

Taa ya ndani ndiyo imenifurahisha, kwa sababu huko kupepesa kinyume kunataja ugonjwa kwa jina. Ndani ya swichi yako kuna vitaa viwili. Kimoja kinapata moto kwa 58, kazi yake ni kukuonyesha swichi ilipo usiku. Kingine kinapata moto wa flasha ukibonyeza, kazi yake ni kukuambia hazadi imewaka. Vyote viwili vinamalizia mguu mmoja, 31. Mguu huo ukiwa hewani, umeme wa kitaa kimoja hauna pa kutokea isipokuwa kupitia kitaa cha pili.

Fuatilia pamoja nami. Mchana, taa ndogo zimezimwa, umebonyeza. Moto wa flasha unapita kitaa cha kwanza, unapita cha pili, unatoka kwa 58, unakwenda kutafuta bodi kupitia balbu za taa ndogo. Vitaa viwili vimegawana volti 12, ndiyo ule ufifi. Sasa washa taa ndogo. 58 ina volti 12. Indiketa zikiwaka, upande wa pili nao una volti 12, na umeme hautembei kati ya 12 na 12, kwa hiyo swichi giza. Indiketa zikizima, upande ule unakuwa njia ya kwenda bodi kupitia balbu za indiketa, na umeme wa 58 unapita huko: swichi inawaka. Kinyume kabisa, kama ulivyoona. Na usipobonyeza, njia ya upande wa flasha imekatika ndani ya swichi, hivyo taa ndogo hata ziwake usiku kucha, swichi haionekani.

Peleka waya mweusi kutoka 31 mpaka kwenye bodi na hayo yote yataisha. Usidhani swichi itapata ethi kwa kukaa kwenye dashibodi. Dashibodi ya Series III ni ya plastiki, na swichi yenyewe ni ya plastiki.

Kuhusu kupepesa mbio, bila shaka una flasha ya zamani ya miguu miwili, ya joto. Umeme unapita, kibati cha ndani kinapata joto, kinakata, kinapoa, kinaunga tena. Imetengenezwa kwa balbu mbili za wati 21. Hazadi ni balbu nne: wati 84, gawa kwa 12, amp 7. Mzigo umekuwa maradufu, kibati kinapata joto mapema, kinakata mapema. Ukiiacha ifanye hivyo kando ya barabara nusu saa nzima itaungua. Nunua flasha ya elektroniki ya volti 12 iliyoandikwa kwenye mwili wake kwamba inabeba balbu nne za 21, haijali mzigo kama ile ya joto. Ina miguu mitatu: B au 49 ni moto unaoingia, L au 49a ni moto unaotoka, E au 31 ni ethi. Hiyo ethi ni lazima, bila hiyo haipepesi.

Nimebakiza jambo ambalo wewe hukulilalamikia, lakini mimi ndilo limeninyima raha. Waya wa 30 umetoka betri moja kwa moja bila fyuzi. Mama, huo waya uchubuke mahali popote kwenye ukuta wa injini uguse bodi, hakuna kitakachoukata mpaka uwe mwekundu. Na wewe nyuma umepakia dagaa wakavu na magunia. Kata waya huo leo karibu na betri, weka kishikio cha fyuzi na fyuzi ya amp 15, waya uwe wa milimita 1.5 za mraba au mnene zaidi. Ukipenda kutumia waya wa zambarau ulioko garini, huo kwa rangi za Kiingereza ni moto wa kudumu wenye fyuzi, ila upime kwanza. Na ukifungua kisanduku cha fyuzi ukakuta fyuzi ya kioo ya Lucas imeandikwa 35, jua hiyo ni amp ya kukatikia. Kubeba muda wote ni 17 tu.

Rangi nyingine: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa za kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni za kulia, kijani mpauko chenye mstari wa kahawia ni ule wa kutoka flasha kwenda mkono wa indiketa. Lakini gari la umri huo limepita mikono mingi. Amini testa kabla ya rangi. Toa ethi ya betri kabla ya kuunga chochote, na maungio yabanwe kwa teminali au yalehemiwe. Kusokota na kuzungushia solotepu kwenye gari linalotingishika kama lile ni kuahirisha tatizo.

---

Nansio_Kisiwani

Shikamoo fundi. Mimi niko Ukerewe, nina Land Cruiser ya zamani ya dizeli, umeme wake ni volti 24. Nilitaka kufunga swichi ya aina hiyohiyo. Pia nimebadilisha balbu za indiketa kuwa za LED. Sasa hata nikiwasha indiketa ya kushoto, pande zote mbili zinapepesa kama hazadi. Dashibodi ina taa moja tu ya kijani ya indiketa.

---

FundiNyakato

Marahaba. Mpangilio wa nyaya ni uleule, namba hazibadiliki. Ila flasha iwe ya volti 24, na vitaa vya ndani ya swichi viwe vya 24, la sivyo vitaungua siku ya kwanza. Amp zitakuwa nusu: wati 84 kwa 24 ni amp 3.5. Wenye Land Rover zilizotoka jeshini nao waangalie, baadhi ni za volti 24. Na wenye Series II, au IIA za kabla ya 1967: nyingi zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo iko kwenye bodi. Flasha ya elektroniki na LED ukizifunga huko bila kujua, unaziua.

Hiyo taa yako moja ya kijani imefungwa kati ya kushoto na kulia. Ukiwasha kushoto, umeme unapita kwenye taa hiyo na kutafuta bodi kupitia balbu za kulia. Balbu ya nyuzi haiwaki kwa umeme mdogo hivyo, LED inawaka. Toa taa ya kijani kwenye soketi yake, jaribu. Tatizo likiisha umepata jibu. Kisha nunua diodi mbili (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), 1N4007 zinatosha. Moja itoke waya wa kushoto, nyingine wa kulia, mstari wa diodi uelekee kwenye taa, mguu wa pili wa taa uende bodi. Utapata na faida nyingine: taa ya kijani itapepesa pia ukiwasha hazadi. Ilivyo sasa haiwezi, kwa sababu ncha zake zote mbili zina moto.

---

MamaMwaloni

Fundi, shikamoo, na asante sana. Nimemsomea kijana maelezo yako neno kwa neno, tumefanya pamoja nikimshikia tochi. Kijani kimehamia 15. 31 imepata waya mweusi mpaka kwenye bolti ya ukuta wa injini, tumepiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Fyuzi ya 15 iko karibu na betri. Flasha mpya ya miguu mitatu imefungwa.

Ufunguo ninao mkononi, nabonyeza, geji haiendi popote. Waipa kimya. Usiku nikiwasha taa ndogo swichi ina mwanga wake mdogo mwekundu, nikibonyeza inapepesa kwa nguvu pamoja na indiketa, si kinyume. Kijana mwenyewe amechora mchoro kwenye daftari lake, anasema hakuwahi kuambiwa kwamba flasha inabadilishiwa moto.

Limebaki moja. Taa ya nyuma kushoto inapepesa kwa ufifi kuliko nyingine, na nikiwasha hazadi na taa ndogo pamoja, taa ndogo ya upande huo nayo inacheza. Balbu nimebadilisha, hali ni ileile.

Tena niulize: wenzangu wengi wanawasha hazadi mvua ikinyesha huku wanatembea. Ni sawa?

---

FundiNyakato

Marahaba mama. Mpe kijana pongezi zangu, na hilo daftari asilitupe.

La mvua nalisema bila kupepesa macho: usiwashe hazadi gari likitembea. Swichi ikibonyezwa, kushoto na kulia vimeungwa, kwa hiyo indiketa zako hazipo tena. Unataka kuingia kulia kwenda mwaloni, unasukuma mkono, aliye nyuma haoni tofauti yoyote, anakupita kulia kwako. Tena anayekuja kwa mbali anadhani umesimama, au ukiwa umefunikwa nusu na lori anaona upande mmoja tu na kudhani unakata kona. Mvua ikinyesha washa taa kubwa, punguza mwendo. Ukishindwa kuona, toka barabarani kabisa, simama, hapo ndipo ubonyeze.

Taa ya nyuma kushoto ni ethi. Indiketa na taa ndogo za upande huo zinategemea ethi moja, na ethi hiyo ikiwa dhaifu, umeme wa moja unapitia kwenye nyingine. Ni ugonjwa uleule wa swichi yako, umehamia nyuma. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na bolti ni za chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu, aluminiamu inaliwa, inatoa unga mweupe. Na wewe unapakia kwenye mialo, maji yanachuruzika kwenye bodi kila siku. Bolti unaiona imekaza, kumbe chini yake ni unga.

Hakikisha kwanza. Chukua kipande cha waya, ncha moja kwenye bodi ya ile taa, yaani upande wa ethi wa soketi, ncha ya pili kwenye chesisi mahali palipokwanguliwa. Taa ikipata nguvu ghafla, umemaliza kutafuta. Usihangaike kusafisha bolti ya zamani peke yake, itarudia masika ijayo. Vuta waya mweusi mpya kutoka soketi ya kushoto mpaka ya kulia, na kutoka hapo mpaka kwenye chesisi, ukaze na washa ya meno, upake grisi juu ya kiungo baada ya kukaza. Ukishafunga, washa vyote kwa pamoja: taa ndogo, hazadi, kanyaga na breki, mtu akiwa amesimama nyuma anaangalia. Kama kuna taa yoyote inacheza wakati haipaswi, niandikie ni ipi na inacheza na nani.